Unyanyasaji wa kingono katika sheria ya kimataifa ya haki za binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Maswali haya ni yale yanayorudiwa mno katika vikao vya msaada wa kisheria mjini Mombasa. Huulizwa na wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi, wachuuzi wa soko la Kongowea, wanafunzi wa vyuo na wazazi wao. Majibu yanaeleza jinsi sheria ya kimataifa ya haki za binadamu inavyoutazama unyanyasaji wa kingono na, pale inapobidi, jinsi sheria za Kenya zinavyokubaliana nayo au zinavyopungukiwa.

Sheria ya kimataifa inasema unyanyasaji wa kingono ni nini?

Kwa ufupi, ni mwenendo wa kingono usiotakiwa na yule anayefanyiwa. Maelezo yanayorejelewa zaidi yalitolewa mwaka wa 1992 na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, katika Pendekezo la Jumla Namba 19. Kamati ilitaja kumgusa mtu na kumwendea kwa nia ya ngono, kumtolea maneno yenye maana ya ngono, kumwonyesha picha za ngono, na kumtaka ngono kwa kauli au kwa vitendo. Ikaongeza kwamba mwenendo huo unaweza kumdhalilisha mtu na kuhatarisha afya na usalama wake. Kwa mujibu wa kamati hiyo, huwa ni ubaguzi pale mwanamke anapokuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba akikataa ataumia katika kuajiriwa au kupandishwa cheo, au pale mwenendo wenyewe unapoyafanya mazingira yake ya kazi kuwa ya uhasama.

Ndani ya maelezo hayo mna sura mbili, na wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walizifafanua mwaka wa 2003 walipokuwa wakieleza Mkataba Namba 111 wa mwaka wa 1958 kuhusu ubaguzi kazini. Ya kwanza ni ile ya nipe nikupe: msimamizi anayeifanya zamu, mkataba au cheo kuwa malipo ya ngono. Ya pili haina sharti lolote lililotamkwa; ni utani, picha, kupapaswa na macho ya kila siku, ambavyo vikikusanyika humfanya mtu aione kazi yake kama adhabu. Watu wengi huitambua sura ya kwanza bila kuelezwa. Ni ya pili inayowapita, kwa sababu imezoeleka.

Mbona magazeti na redio husema "dhuluma za kimapenzi"?

Ni mazoea ya vyumba vya habari vya Kenya, na nadhani ni mazoea mabaya. Neno "mapenzi" linamfanya msikilizaji aanze kuwaza juu ya watu wawili waliokosana, ilhali sheria inazungumzia mtu mmoja aliyemtendea mwingine asilolitaka. Meneja anayemwambia kibarua kwamba mkataba wake utategemea kulala naye hana mapenzi naye. Anatumia madaraka aliyonayo. Ndiyo maana hapa tunasema "unyanyasaji wa kingono". Hata "unyanyasaji wa kijinsia", linalotumiwa sana, ni pana kupita kiasi, kwa kuwa mwanamke anayelipwa mshahara mdogo kwa sababu tu ni mwanamke amenyanyaswa kijinsia bila ngono kutajwa.

Kwa nini jambo hili liitwe ubaguzi, na lisiwe ukosefu wa adabu tu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake ulipitishwa tarehe 18 Desemba 1979, na ukaanza kutumika mwaka wa 1981. Hauna kifungu hata kimoja kinachotaja unyanyasaji wa kingono. Unachosema katika Kifungu cha 11 ni kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika ajira, ikiwa ni pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake kazini. Kamati inayosimamia mkataba huo ndiyo iliyosoma maneno hayo na kuuliza swali la maana: usawa huo uko wapi, ikiwa watu wawili wameajiriwa siku moja kwa mshahara mmoja, na mmoja wao kila asubuhi hulazimika kupanga jinsi ya kumkwepa msimamizi stoo? Wa pili anafanya kazi yake. Wa kwanza anafanya kazi yake na ile ya kujilinda. Jibu lilikuwa Pendekezo la 1992, kwamba usawa katika ajira huharibika vibaya wanawake wanapofanyiwa ukatili unaotokana na jinsia yao, na unyanyasaji wa kingono kazini ni sehemu ya ukatili huo.

Tofauti baina ya adabu na haki ina matokeo yanayoonekana. Jambo likiitwa ukosefu wa adabu, dawa yake huwa ni kumkanya mkosaji na kumsihi aliyekosewa asamehe, na mara nyingi yeye ndiye anayehamishwa kitengo "ili yaishe". Likiitwa ubaguzi, swali linageuka na kuwa la mwajiri na la serikali: mlifanya nini kulizuia, mliposikia mlifanya nini, na huyu aliyepoteza kazi atarudishiwa nini?

Kamati iliyarudia mambo haya mwaka wa 2017 katika Pendekezo la Jumla Namba 35, na safari hii ikasema wazi kwamba ukatili huo hutokea pia mitandaoni na katika vifaa vya kidijitali. Ujumbe wa simu saa sita za usiku kutoka kwa bosi umo ndani.

Je, ni lazima niwe nimeguswa?

La. Maneno, ishara, picha na jumbe zinatosha. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, katika Kifungu cha 6, inataja lugha ya kingono na picha za kingono sambamba na vitendo vya mwili.

Nilinyamaza. Je, kunyamaza si kukubali?

Swali hili huulizwa hapa Pwani kuliko kwingine, na tunajua linakotoka. Katika ndoa, wazee wetu wamezoea kusema kwamba kimya cha mwari ni ridhaa yake. Lakini kimya kile kina mazingira yake: ameulizwa na walii wake, mbele ya watu wanaomtakia heri, kuhusu jambo la halali lililotangazwa. Kukitoa pale na kukipeleka ofisini, ambako anayeuliza ndiye anayetia saini mishahara na mlango umefungwa, ni kukidhulumu chenyewe na kumdhulumu aliyenyamaza.

Sheria ya kimataifa inauliza kama mwenendo ulitakiwa, na inautazama uhusiano wa madaraka kabla ya kukipa kimya maana yoyote. Maelezo ya 1992 yanamzungumzia hasa mtu mwenye sababu ya kuogopa kwamba pingamizi lake litamletea madhara, yaani mtu ambaye huenda asiseme kitu. Kucheka kwa kulazimika, kujibu salamu, kuendelea kuja kazini kwa sababu kuna karo ya watoto, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabiwa peke yake kuwa ridhaa.

Lilitokea mara moja tu. Linatosha?

Kwa mujibu wa Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, uliopitishwa mjini Geneva mwezi wa Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, linatosha. Mkataba huo unasema tabia zisizokubalika ni zilezile, ziwe zimetokea mara moja au zimerudiwa, na unahesabu pia vitisho. Madhara unayoyataja ni ya mwili, ya akili, ya kingono na ya kiuchumi.

Hapa sheria ya jinai ya Kenya ni nyembamba zaidi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 kinamtaka mshtakiwa awe na mamlaka au ofisi ya umma, na awe amemsumbua mlalamishi kwa kurudiarudia, hali akijua au akipaswa kujua kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mfanyakazi mwenzako asiye na cheo juu yako, au mtu aliyefanya hivyo mara moja, anaweza kuponyoka kifungu hicho. Haimaanishi kwamba umekosa njia. Ina maana kwamba njia yako huenda ikawa mahakama ya ajira badala ya mahakama ya jinai, na kwamba kitendo chenyewe kinaweza kuangukia kosa jingine, kwa mfano iwapo ulishikwa sehemu za siri.

Sina barua ya kazi. Mimi ni mama karanga, nanunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga niwauze. Je, haya yananihusu?

Yanakuhusu. Mkataba Namba 190 uliandikwa makusudi ili usiishie kwa wenye barua za kazi. Unawalinda wafanyakazi bila kujali hali ya mikataba yao, wanagenzi, wanaojitolea, wanaotafuta kazi, na hata walioachishwa, katika sekta rasmi na isiyo rasmi, mjini na mashambani. Tajiri wa samaki anayemwambia mwanamke kwamba hatapata mzigo wa kukaanga mpaka wakubaliane kando anafanya jambo lilelile analofanya meneja katika ofisi yenye kiyoyozi. Madaraka yake ni samaki badala ya cheo, basi.

Kwa wafanyakazi wa nyumbani kuna pia Mkataba Namba 189 wa mwaka wa 2011, ambao Kifungu chake cha 5 kinazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba wanalindwa dhidi ya kila aina ya dhuluma, unyanyasaji na ukatili. Msichana anayelala katika nyumba anayofanyia kazi hana mlango wa kutokea saa za kazi zinapokwisha, na hilo tu linatosha kuonyesha kwa nini alihitaji mkataba wa kimataifa wa peke yake.

Sheria ya Ajira ya Kenya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana nao. Duka la wafanyakazi 6 halifungwi na sharti hilo la sera, na waajiri wengi wadogo huchukulia kwamba kwa hiyo hawafungwi na lolote. Wamekosea. Katazo lenyewe linamhusu kila mwajiri. Ni sera pekee iliyowekewa idadi.

Aliyeninyanyasa ni mgeni wa hoteli, si mwajiri. Nani anawajibika?

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza. Mteja hatajwi, na katika mji unaoishi kwa wageni hilo ni pengo kubwa. Mkataba Namba 190 unazitaka nchi ziuzingatie unyanyasaji unaowahusisha watu wa nje, na Pendekezo Namba 206 linaloandamana nao linawataja wateja, wagonjwa na umma kwa jumla. Mwajiri anatakiwa kuchukua hatua kulingana na kiwango cha udhibiti alicho nacho. Hoteli haiwezi kuidhibiti nia ya mgeni, lakini inaweza kuamua kwamba mhudumu hapeleki chakula peke yake katika chumba ambacho mwenzake ameshalalamikia, na inaweza kumwambia mgeni afungashe. Kumwambia mhudumu avumilie kwa sababu "mteja ni mfalme" ni uamuzi pia, na ni huo unaomfanya mwajiri awajibike.

Na njiani, kwenye matatu au kwenye feri ya Likoni?

Azimio la Umoja wa Mataifa la Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake, la Desemba 1993, linataja unyanyasaji wa kingono kazini, katika taasisi za elimu "na kwingineko", na neno hilo la mwisho linafika hadi stejini, sokoni na kivukoni. Mkataba Namba 190 nao unahesabu safari ya kwenda na kurudi kazini kuwa sehemu ya ulimwengu wa kazi, pamoja na vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, hafla za ofisi na makao yanayotolewa na mwajiri. Mwajiri hatalaumiwa kwa yanayotokea katika umati wa feri, ila kwa yanayotokea ndani ya basi alilolikodi mwenyewe kuwasafirisha wafanyakazi wa zamu ya usiku, atalaumiwa.

Mwanangu anasoma chuo. Mhadhiri anadai ngono ili ampe alama. Hilo liko chini ya sheria gani?

Liko chini ya sheria ya Afrika yenyewe. Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake katika Afrika, iliyopitishwa tarehe 11 Julai 2003, inazitaka nchi katika Kifungu cha 12 kuwalinda wanawake, hasa mtoto wa kike, dhidi ya kila dhuluma, ukiwemo unyanyasaji wa kingono shuleni na katika taasisi nyingine za elimu, kuwaadhibu wanaotenda, na kuwapa ushauri nasaha na huduma za kuwarekebisha waliotendewa. Kifungu cha 13 kinataka unyanyasaji wa kingono kazini upigwe vita na uadhibiwe. Kenya iliridhia itifaki hiyo mwaka wa 2010. Katika sheria ya nchi, Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinawahusu wenye mamlaka na dhamana juu ya wengine, walimu wakiwa miongoni mwao.

Je, mabaharia?

Vijana wengi wa Mombasa sasa wanakwenda baharini, wasichana wakiwemo, na meli ni mahali ambapo aliyekudhulumu unakutana naye mezani kwa miezi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilipitisha mwaka wa 2024 marekebisho ya kanuni za mafunzo ya mabaharia, ili mafunzo ya msingi yajumuishe kuzuia na kukabili uonevu na unyanyasaji, ukiwemo wa kingono. Yameanza kutumika tarehe 1 Januari 2026.

Wanaume nao wanalindwa?

Ndiyo. Mkataba wa 1979 unahusu wanawake, lakini Mkataba Namba 190 unamlinda kila mtu, na Sheria ya Ajira inasema "mfanyakazi" bila kutaja jinsia.

Aliyetenda ni mtu binafsi. Serikali inaingiaje?

Serikali haiwajibiki kwa sababu ilitenda. Inawajibika kwa sababu haikuzuia, haikuchunguza, haikuadhibu, au haikumfidia aliyeumizwa. Kesi mbili zinalionyesha hilo vizuri.

Ya kwanza ni ya Kazakhstan. Mwanamke aliyekuwa akifanya usafi katika shule ya msingi alieleza kwamba mkuu mpya wa shule alimtaka kingono kama sharti la kubaki kazini, naye alipokataa mkataba wake haukuongezwa. Alilalamika ngazi moja baada ya nyingine bila kusikilizwa inavyostahili, na mkuu wa shule akamshtaki kwa kumvunjia heshima, akashinda. Kesi ilipofika mbele ya Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, kamati iliamua mwaka wa 2015 kwamba Kazakhstan ilikiuka haki zake.

Ya pili ni ya hapa Afrika. Tarehe 25 Mei 2005, wanawake 4 waandishi wa habari walishambuliwa na kudhalilishwa kingono jijini Cairo wakati wa maandamano, polisi wakiwa papo hapo. Uchunguzi ulifungwa kwa hoja kwamba wahusika hawakutambulika. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka wa 2011 kwamba Misri ilivunja Mkataba wa Afrika kuhusu haki hizo, na kwamba matendo yale yalikuwa ubaguzi kwa misingi ya jinsia, yaliyokusudiwa kuwanyamazisha wanawake hao.

Mikataba hii ina nguvu gani katika mahakama ya Mombasa?

Zaidi ya watu wanavyodhani. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Mkataba wa 1979 uliridhiwa mwaka wa 1984, na Mkataba Namba 111 mwaka wa 2001. Wakili anaweza kuisimamisha mikataba hiyo mbele ya jaji sambamba na Kifungu cha 27 cha Katiba kuhusu usawa, cha 28 kuhusu heshima ya mtu, na cha 41 kuhusu haki kazini.

Uwezo wa hoja ya namna hiyo ulionekana India mwaka wa 1997. Hapakuwa na sheria ya bunge juu ya unyanyasaji wa kingono kazini. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Vishaka, ilichukua mkataba wa 1979 na Pendekezo Namba 19, ikavisoma pamoja na katiba ya India, na kutunga miongozo iliyomfunga kila mwajiri hadi bunge lilipopitisha sheria mwaka wa 2013. Sisi tunayo sheria na tunayo Katiba inayoufungulia mkataba mlango. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kuutaja.

Je, sheria hizi si za kigeni, zinazopingana na dini na stara yetu?

Heshima ya mwanamke si jambo lililoletwa Pwani kwa meli. Kila mama anayemkanya kijana wake asimshike binti wa watu anaijua kanuni hii kabla ya kuisoma. Linalogongana na sheria si stara; ni matumizi mabaya ya stara, pale familia au msimamizi anapomwambia aliyedhulumiwa "jisitiri" akimaanisha "msitiri aliyekudhulumu". Stara ni ya anayeumizwa. Sheria yenyewe inaiheshimu: sera ya mwajiri chini ya Kifungu cha 6 ni lazima iahidi kutolitoa jina la mlalamishi isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapohitaji.

Nikilalamika nitafukuzwa au kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Nifanye nini?

Hofu hiyo ni ya kweli, kama kesi ya Kazakhstan inavyoonyesha. Mkataba Namba 190 unataka walalamishi na mashahidi walindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi, na unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa katika hatari iliyo karibu bila kuadhibiwa. Pendekezo Namba 206 linaongeza kwamba, katika mashauri yasiyo ya jinai, mzigo wa kuthibitisha unaweza kuhamishiwa upande wa pili inapofaa, kwa kuwa mambo haya hufanyika faraghani.

Kwa sasa, andika. Weka tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo, siku ileile na si baada ya mwezi. Hifadhi jumbe na nakala zake nje ya simu ya kazini. Mweleze mtu mmoja unayemwamini mapema, kwa sababu baadaye anaweza kuwa shahidi wa hali uliyokuwa nayo. Peleka lalamiko kwa mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala. Kuitangaza habari mitandaoni kabla ya hapo ndiko kunakofungua mlango wa kesi ya kuchafua jina. Lalamiko lililopelekwa kwa mwenye wajibu wa kulipokea halimwachi mtu wazi namna hiyo.

Ikiwa ulishambuliwa au kubakwa, tangulia hospitalini, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya saa 72. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliotendewa ukatili huo. Simu ya bure ya nambari 1195 hupokea malalamiko ya dhuluma za kijinsia, na shirika la mawakili wanawake la FIDA lina ofisi hapa mjini.

Nina muda gani wa kufungua kesi?

Madai chini ya Sheria ya Ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3, na kwa dhuluma iliyokuwa ikiendelea ni ndani ya miezi 12 tangu ilipokoma. Siku hizo huhesabiwa hata wakati mazungumzo ya kusuluhisha yanapoendelea, kwa hiyo mwajiri anayesema "ngoja kidogo tulitatue ndani" asikufanye uache kumwona wakili au afisa wa leba.